Tunda Jike, Rangi Dume

Neno la kwanza alinipa Amparo
penye mkanda wa machungwa, saa kumi na mbili asubuhi,
glavu zimelowa, redio ikikoroma nyuma ya masanduku.
Aliinua moja, akaligonga kwa kucha: *naranja*.
Nikaisema kwa j ya jiko, j ya jana.
Alicheka hadi machozi.
Hapana, Viorica. Hiyo j haikai menoni,
itoe kooni, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki
na hataki wageni wajue.
Nikajaribu. Nikajaribu tena.
Msimamizi akauliza nani anakohoa.

Kwetu Teleorman chungwa lilikuwa na tarehe.
Lilifika mwisho wa Desemba, kama lilifika,
baada ya mama kushinda kwenye foleni tangu usiku wa manane,
kaka Costel akimshikia nafasi aende kujipasha moto.
Yalikuja ya kijani, magumu kama visigino.
Tuliyapanga juu ya kabati, tukayalinda kwa macho.
Moja kwa watoto wanne. Maganda tuliyakausha jikoni
na nyumba ikanukia hadi Februari.
Hapa yanaoza kando ya barabara
na hakuna anayeinama.

Neno la pili nilidhani nimelipata bure.
Na rangi yake? nilimwuliza.
Hilo hilo. Naranja.
Nikafurahi kama mtu aliyerudishiwa chenji zaidi.
Jumamosi nikaingia duka la nyuzi na vifungo la Remedios,
nikaomba uzi wa *la naranja*.
Akanitazama juu ya miwani.
*La naranja* ipo kwa muuza matunda, mlango wa pili.
Mimi nauza *el naranja*.
Foleni yote ikacheka, nami nikacheka, masikio yakiwaka.

Kumbe tunda ni jike, rangi ni dume.
Wanaishi chini ya jina moja
kama mke na mume wa zamu,
huyu anarudi, yule anatoka,
wanapishana mlangoni na funguo mkononi.
Ilie nami tuliishi hivyo miaka sita.

Uzi ulikuwa wa fulana yake ya kazi,
ile yenye mistari inayong'aa,
aliyovaa usiku akimwaga lami kwenye barabara kuu
ili madereva wamwone.
Wengi walimwona.
Mmoja hakumwona.
Waliniletea fulana ndani ya mfuko wa plastiki,
imechanika begani, shona moja tu ingetosha.
Sijui kwa nini nilitaka iwe nzima.

Novemba machungwa hutoka shambani yakiwa ya kijani bado,
hufungiwa chumbani na hewa yao maalumu
siku mbili, siku tatu, hadi yafanane na jina lao.
Ndani utamu ulishafika, alisema Amparo,
ni ganda tu halijaambiwa.

Siku moja ya mapumziko, tumekaa juu ya masanduku,
akaniuliza: na *media naranja* yako je, yuko wapi?
*Media* nilikuwa naijua: nusu saa, nusu kilo.
Nikatazama mkononi mwangu. Nilikuwa nimebakiza nusu.
Nikampa.
Akafungua mdomo, kama anayeitafuta ile j kooni.
Akaufunga.
Akaipokea nusu ile, akala yote, akafuta kidevu kwa kiwiko.
Hakunisahihisha.

Ilipita miezi miwili ndipo Yolanda, binti wa zamu ya jioni,
alipoonyesha picha ya mchumba wake kwenye chumba cha kubadilishia nguo:
hii, alisema, ndiyo *media naranja* yangu.
Nilibaki nimesimama, kiatu kimoja mguuni.

Fulana iko kwenye msumari nyuma ya mlango.
Uzi haukulingana nayo, umekolea kidogo.
Taa ikizimwa huoni kitu.
Mchana, ukijua pa kutazama, mshono unaonekana.